Uzi: Kutenganisha maneno ya sayansi ya Kiingereza ambayo nyumbani huwa tunayaita kwa jina moja

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa,

Kila Januari vijana wetu wanaoingia Kidato cha Kwanza hapa Tanzania hukutana na ugumu ambao nadhani hatuuzungumzi vya kutosha. Wengi wao wamesoma sayansi kwa Kiswahili katika miaka yote ya shule ya msingi, na ghafla fizikia, kemia na biolojia zinafundishwa kwa Kiingereza. Watu hudhani kwamba kinachowashinda ni maneno marefu, lakini sivyo ninavyoona ninaposahihisha madaftari. Neno kama "photosynthesis" ni refu, ila mwanafunzi akishalijua amelijua, kwa sababu halina jirani wa kulichanganya nalo. Kinachowasumbua hadi Kidato cha Nne ni maneno mafupi yanayokwenda mawili mawili au matatu matatu, ambayo katika mazungumzo ya kila siku yote huangukia neno moja la Kiswahili: "heat" na "temperature" yote ni joto, "melt" na "dissolve" yote ni kuyeyuka, "accuracy" na "precision" yote ni usahihi, na "force", "energy" na "power" yote matatu ni nguvu.

Ninafundisha fizikia sekondari, na nimeanzisha uzi huu kwa sababu naamini dawa tunayowapa si sahihi. Tunawaandikia ubaoni fasili mbili, moja chini ya nyingine, nao wanazikariri. Swali likiuliza fasili wanapata alama, lakini likiwataka waitumie wanarudi kwenye mkanganyiko uleule. Ninachopendekeza ni kuanzia upande mwingine kabisa. Kabla ya kuuliza neno lina maana gani, mwanafunzi aulize jambo hilo linapimwa kwa kifaa gani na kwa kizio gani. Mambo mawili yanayopimwa kwa vizio visivyoweza kubadilishwa kimoja kuwa kingine hayawezi kuwa jambo moja, hata kama sisi nyumbani tumeyapa jina moja.

Nianze na nguvu, maana ndilo neno lililobebeshwa mzigo mkubwa kuliko yote. Tunasema mlango huu unataka nguvu, ugali unatia nguvu, lori lile lina nguvu, na umeme leo hauna nguvu. Fizikia inaona mambo manne tofauti hapo. Kusukuma mlango ni "force", yaani kani, na kizio chake ni nyutoni. Kilichomo kwenye ugali ni "energy", yaani nishati, na kizio chake ni juli. Lori linasifiwa kwa "power", yaani wingi wa nishati linayoitoa katika kila sekunde, na kizio chake ni wati. Umeme unaposemwa hauna nguvu kwa sababu taa zimefifia na friji linashindwa kuwaka, kilichoshuka ni volteji, nayo inapimwa kwa volti. Mtoto aliyezoea kusema nguvu katika hali zote nne hana kosa lolote, ila anapoingia darasani anatakiwa aoneshwe kwamba vizio ni vinne.

Tena vifaa vya kumfundishia vipo nyumbani kwake. Ageuze birika la umeme asome kitako chake, ataona wati. Kisha aende kwenye mita ya umeme ya LUKU, ataona kWh, yaani kilowati-saa, ambayo ndiyo "uniti" tunayonunua. Uniti moja ni sawa na juli 3,600,000. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo kwa saa moja inamaliza uniti moja, na taa ya wati 10 inahitaji saa 100 ili imalize uniti hiyohiyo. Pasi imeizidi taa mara mia kwa "power", lakini mwisho wa hesabu zote mbili zimekula "energy" ileile. Mtu anayesema nyumba yake inatumia kilowati tano kwa siku ametaja wati mahali ambapo pangetajwa nishati, na kosa hilo nimelisikia hata kwa watu wanaouza vifaa vya sola, ambao kwa kweli wanapaswa kulijua kwa sababu mteja ananunua betri kwa kutegemea hesabu hiyo.

Kwenye "mass" (tungamo) na "weight" (uzito), ambayo nyumbani yote ni uzito, nitapita haraka, kwa sababu vitabu vingi vinalieleza vizuri. Mtu wa kilo 60 ana "mass" ya kilo 60 popote alipo, lakini "weight" yake ni kani ambayo sayari inamvutia chini, nayo ni nyutoni 590 hivi hapa duniani na nyutoni 97 hivi mwezini. Mizani ya sahani mbili yenye mawe ya kilo inalinganisha "mass" mbili, hivyo ingetoa jibu lilelile hata mwezini, ilhali mizani ya springi ingedanganya. Hata hapa duniani mvutano haulingani: ni kama 9.78 kwenye ikweta na 9.83 kwenye ncha, kwa kipimo cha mita kwa sekunde mraba, kiasi kwamba mizani ya springi iliyorekebishwa Kampala ikipelekwa karibu na ncha ya kaskazini itamzidishia mtu yuleyule wa kilo 60 gramu 300 hivi. Waingereza wenyewe mitaani kwao husema "weight" yao ni kilo kadhaa, kwa hiyo mwanafunzi asidhani anachanganya kwa sababu lugha yake ni Kiswahili.

Sasa joto. Chukua sufuria ya maharage iliyo jikoni. Maji yakianza kutokota, kwa mtu wa Dar es Salaam au Tanga kipimajoto kitasoma nyuzi 100 hivi za Selsiasi. Ukiongeza mkaa, maji yatatokota kwa fujo zaidi, mvuke utazidi na mfuniko utarukaruka, lakini kipimajoto kitabaki palepale. Mkaa umetoa "heat" nyingi na "temperature" haijapanda hata nyuzi moja, kwa kuwa nishati yote hiyo imekwenda kugeuza maji kuwa mvuke. Nayo si kidogo: kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji kilojuli 315 hivi, ilhali kuyageuza yote kuwa mvuke baada ya hapo kunahitaji kilojuli 2,260 hivi, yaani zaidi ya mara saba. Anayepunguza moto maharage yakishachemka anapika kwa kasi ileile na kubakiza mkaa. Arusha, iliyo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na ndiyo maana maharage hukawia kuiva kule kuliko pwani hata moto uwe mkali kiasi gani: "heat" ipo tele, "temperature" ndiyo inayokosekana.

Jambo hili halikuwa wazi hata kwa wasomi wa Ulaya hadi karne ya 18, pale Joseph Black wa Uskoti alipoonesha kwa vipimo kwamba barafu inayoyeyuka hupokea joto jingi bila kipimajoto kupanda. Kama wao walihitaji vipimo ndipo waelewe, sioni kwa nini kijana wa miaka 14 ategemewe kuelewa kwa kukariri.

Karibuni tuchangie.

Mwalimu wa Darasa la Sita

Mwalimu mwenzangu, hongera kwa kazi hii. Nina jambo la kuongeza. Msomaji wa haraka anaweza kudhani upungufu uko kwenye Kiswahili, ilhali jotoridi lipo, halijoto ipo, kani ipo, nishati ipo na tungamo lipo. Maneno haya yamo kwenye vitabu vya shule ya msingi. Sisi walimu ndio tunaoyasoma kitabuni, kisha tukigeuka ubaoni tunasema joto na nguvu kama tunavyosema nyumbani. Mtoto aliyezoezwa jotoridi tangu Darasa la Tano hatapata taabu kubwa akikutana na "temperature".

Mwanzisha uzi

Nakubaliana nawe kabisa, na ushahidi wa maneno yako tunao. Miaka michache iliyopita watu wachache sana walilijua neno tabianchi, na leo mkulima anayesikiliza redio anajua kwamba tabianchi si hali ya hewa. Vivyo hivyo VVU na UKIMWI: kirusi kina jina lake na hali ya mwili kushindwa kujikinga ina jina lake, na mtu ambaye hajui Kiingereza hata kidogo anaweza kukueleza kwamba unaweza kuwa na VVU bila kuwa na UKIMWI. Palipofanyika juhudi, Kiswahili kilitenganisha bila taabu.

Mfano wa "weather" na "climate" unanifanya niongeze swali la pili baada ya lile la kifaa na kizio. Mvua ya jana na mvua ya miaka 30 zinapimwa kwa chombo kilekile na kwa milimita zilezile, kwa hiyo kifaa hakitoshi kuzitenganisha. Hapo mwanafunzi aulize: kwa muda gani? Mvua iliyonyesha Kariakoo jana jioni ni "weather". Kwamba Dar es Salaam hupata masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba ni "climate", na kipindi ambacho Shirika la Hali ya Hewa Duniani limezoea kukitumia kupata wastani huo ni miaka 30. Vuli moja ikikosa mvua, hiyo peke yake haijathibitisha kwamba tabianchi imebadilika, na msimu mmoja wa mafuriko haujathibitisha kinyume chake.

Mzazi wa Kidato cha Pili

Shikamoo mwalimu. Binti yangu aliandika kwenye mtihani wa kemia kwamba sukari "melts" ndani ya chai, akakosa alama. Nyumbani sisi sote tunasema sukari imeyeyuka, na mimi nilidhani mwalimu wake amemwonea. Naomba ufafanuzi.

Mwanzisha uzi

Marahaba, ndugu mzazi. Mwalimu hakumwonea, ingawa angefanya vizuri kumwandikia sababu pembeni ya jibu.

Hapa mwanafunzi ahesabu vitu. Barafu inapoyeyuka kwenye sahani kipo kitu kimoja tu, maji, kilichotoka hali ya ugumu kikaingia hali ya kimiminika kwa sababu ya jotoridi. Hiyo ni "melt". Sukari ndani ya chai ni vitu viwili, na chembe za sukari zimesambaa katikati ya chembe za maji. Hiyo ni "dissolve", na kinachopatikana kemia hukiita mmumunyo. Chumvi inaonesha tofauti hii kwa ukali zaidi. Ili chumvi ya mezani iyeyuke kwa maana ya "melt" inahitaji nyuzi 801, na kabla hujafika huko sufuria yako ya alumini itakuwa imeshayeyuka yenyewe, kwa sababu alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Lakini chumvi hiyohiyo ukiitia kwenye glasi ya maji ya mtungi na kukoroga, inapotea machoni bila moto wowote. Kikomo chake si jotoridi, ni kiasi: gramu 100 za maji hubeba gramu 36 hivi za chumvi, na inayozidi itakaa chini hata ukoroge mpaka mkono uchoke.

Na kwa kuwa tumefika kwenye chumvi, niunganishe "evaporation" na "boiling", ambayo wanafunzi huyachanganya vilevile. Kwenye mashamba ya chumvi ya pwani, kama yale ya Bagamoyo, maji ya bahari huachwa kwenye majaruba yakauke kwa jua na upepo. Maji yale hayachemki hata siku moja. Yanaondoka kidogo kidogo kutoka juu, kwa jotoridi lolote. Hiyo ni "evaporation". Uvinza, mkoani Kigoma, watu walipata chumvi kwa kuchemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na kule maji yaligeuka mvuke kuanzia ndani kabisa ya chombo, mapovu yakipanda, kwenye jotoridi maalumu. Hiyo ni "boiling". Mwisho wa njia zote mbili chumvi inabaki na maji yamekwenda hewani, lakini mwanafunzi anayeandika kwamba maji ya jaruba yame-"boil" anadai kwamba Bagamoyo kuna nyuzi 100.

Muuguzi wa Zamu

Habari za kazi, mwalimu. Naomba niongeze jozi moja ya upande wetu wa afya, kwa sababu inapotosha hata taarifa za habari: "incidence" na "prevalence". Zote mbili hutafsiriwa maambukizi, au kiwango cha maambukizi. Ya kwanza inahesabu wagonjwa wapya waliopatikana ndani ya kipindi fulani, na ya pili inahesabu wote walio na ugonjwa kwa wakati huo, wapya kwa wa zamani. Dawa za kufubaza VVU zilipoanza kupatikana kwa wingi, waliokuwa wakifariki mapema wakaanza kuishi miaka mingi. Katika hali hiyo "prevalence" inaweza kubaki juu, hata kupanda, wakati ambapo "incidence" inashuka. Asiyejua tofauti atasoma takwimu hizo na kusema kampeni zimeshindwa, ilhali namba ileile inaonesha kwamba watu wanaishi.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana, muuguzi. Huu ni mfano bora kuliko yote niliyotoa, kwa sababu hapa mkanganyiko unabadili uamuzi wa fedha na dawa, si alama za mtihani tu. Na swali la muda limejitokeza tena: mapya katika kipindi, au yote kwa wakati mmoja?

Kutoka upande huohuo wa afya, kuna "poison" na "venom", ambazo kwetu zote ni sumu. Hapo hakuna kizio wala muda. Uliza imeingiaje mwilini. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri una "poison", unaudhuru mwili kwa kuliwa. Swila ana "venom", anayoipenyeza kwa meno.

Msomaji Mkimya

Naomba kuuliza kuhusu "theory". Kila mjadala wa mageuzi ya viumbe ukifika hapa jukwaani, mtu atasema hiyo ni nadharia tu. Kama wanasayansi wenyewe wanaiita "theory", si wamekiri kwamba ni kukisia?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, nitalijibu kwa kirefu kidogo kwa kutumia jambo lililoanzia hapahapa kwetu.

Mwaka 1963 mwanafunzi Erasto Mpemba wa sekondari ya Magamba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Aliweka maziwa yake kwenye friji yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyokwisha kupoa. Alipomweleza mwalimu aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo Denis Osborne, mhadhiri aliyetoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake walicheka, lakini Osborne alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Tangu hapo dunia nzima hulitaja jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Alichokuwa nacho Mpemba kilikuwa "observation", yaani jambo lililoonekana. Maelezo yaliyotolewa baadaye ni "hypothesis" moja moja: kwamba maji ya moto hupungua kwa kugeuka mvuke hivyo yanayobaki kuganda ni machache, kwamba yamepoteza hewa iliyomo ndani yake, kwamba yanazunguka tofauti ndani ya chombo. Kila moja inaweza kujaribiwa. Ile ya mvuke, kwa mfano, inajaribiwa kwa kufunika chombo. Hadi sasa hakuna hata moja iliyokubalika kuwa "theory" ya jambo hilo. Zaidi ya hapo, mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walionesha kwamba kukiweka kipimajoto juu au chini kwa sentimita moja tu kunaweza kulifanya tukio lionekane lipo wakati halipo. Mjadala unaendelea, na heshima ya Mpemba haipungui kwa hilo, maana aliona, akauliza, na hakukubali kunyamazishwa.

Sasa linganisha na "theory" ya vijidudu kuwa chanzo cha magonjwa ya kuambukiza. Inaeleza kipindupindu, kifua kikuu, kidonda kinachooza na maziwa yanayochacha. Imetabiri kwamba kuchemsha vifaa vya upasuaji kutapunguza vifo, na vikapungua. Hiyo si kukisia. "Theory" katika sayansi ni maelezo yaliyokwisha kupita majaribio mengi na yanayounganisha mambo mengi kwa pamoja, na mageuzi ya viumbe yako kwenye kundi hilo. Kinachofanana na kukisia ni "hypothesis", na hata hiyo ni lazima iweze kujaribiwa. Wala "theory" haipandi cheo ikawa "law". "Law" inasema nini kitatokea, kama ile ya Robert Boyle ya mwaka 1662 kwamba gesi ikibanwa hadi nusu ya ujazo wake, shinikizo lake huwa maradufu iwapo jotoridi halijabadilika. "Theory" inaeleza kwa nini: chembe zilezile sasa zinagonga kuta za chombo mara nyingi zaidi.

Fundi Maabara

Mwalimu, umetaja "accuracy" na "precision" mwanzoni kisha hukuzirudia. Watahiniwa wa mtihani wa vitendo wanaangukia hapo kila mwaka.

Mwanzisha uzi

Ni kweli, na ahsante kwa kunikumbusha.

Weka jiwe la kilo moja, lililohakikiwa na Wakala wa Vipimo, juu ya mizani mara tatu. Mizani ya kwanza inasoma gramu 1,200, 1,201 na 1,200. Majibu yake yanakaribiana sana, kwa hiyo ina "precision" nzuri, lakini yote yako mbali na ukweli, kwa hiyo "accuracy" yake ni mbaya. Mizani ya pili inasoma 950, 1,040 na 1,010. Majibu yametawanyika, "precision" ni mbaya, ila wastani wake ni 1,000 kamili. Neno usahihi halikuambii ipi ina kasoro gani, na kasoro zenyewe hazina tiba moja. Ya pili unaweza kuitibu kwa kupima mara nyingi na kuchukua wastani. Ya kwanza hata ukipima mara mia utapata uongo uleule. Ni lazima irekebishwe.

Kwenye jaribio la pendulamu, mtahiniwa anayepima muda wa mizunguko 20 kisha akagawanya anatibu "precision", kwa sababu kuchelewa kwa kidole chake kwenye saa kunagawanywa mara 20. Hilo wengi wanalifanya vizuri. Lakini kama amepima urefu wa uzi hadi juu ya kijiwe badala ya katikati yake, ameharibu "accuracy", na hakuna idadi ya mizunguko itakayomwokoa. Mwambie ashike rula upya, apime kutoka pale uzi ulipobanwa hadi katikati ya kijiwe, kabla hajaanza kuhesabu.